Simu imejisasisha usiku, tangu hapo data haishiki ila Wi-Fi inafanya kazi. Naombeni msaada wakuu

MamaDagaa (mleta uzi)

Wakuu habari za asubuhi. Nimekwama tangu jana, naombeni mnisaidie.

Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wateja wangu wengi wako Kahama, Dodoma na Dar, na biashara yote inapita WhatsApp. Asubuhi napiga picha dagaa wakiwa bado kwenye chanja, natuma, mteja anasema debe ngapi, analipa, mzigo unakwenda stendi. Juzi nililala kwa dada yangu, simu ikiwa kwenye Wi-Fi yake ikaleta ujumbe wa sasisho la mfumo, nikakubali. Ikapakua zaidi ya GB 2, ikajizima, ikawaka yenyewe. Pale ndani kila kitu kilikuwa sawa. Jana asubuhi nilipotoka tu getini, basi. Picha niliyomtumia mteja wa Dodoma saa 12 asubuhi mpaka sasa ina kile kialama cha saa, hata tiki moja haijapata.

Nimezima data nikawasha. Nimezima simu nikawasha. Nimetoa laini, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Bando ninalo, nilinunua la wiki Jumapili. Kupiga napiga, meseji za kawaida zinaingia, hata menyu ya pesa ya *150 inafunguka bila shida. Ni intaneti tu. Hapa naandika kwa Wi-Fi ya duka la jirani. Kuna kijana sokoni anasema nimpe simu aiflashi, yaani aiwekee mfumo upya, kwa elfu 15. Nimpe?

Kapelo

Pole sana dada. Mimi iliwahi kunitokea, nikarisiti simu yote, yaani nikaifuta irudi kama mpya, ikapona. Dakika kumi tu.

FundiMakoroboi

Dada usimpe. Na usirisiti kitu chochote kwanza.

Mkuu Kapelo, najua una nia njema, lakini huo uwe ushauri wa mwisho kabisa. Natengeneza simu mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana alikuja kwangu mwalimu mmoja, simu yake imefutwa yote mahali pengine kwa tatizo kama hili hili. Ndani mlikuwa na sauti za mama yake mzazi, zile rekodi za WhatsApp, na mama alishafariki. Hakuwa na nakala popote. Alikaa kwenye stuli yangu ameishika ile simu kwa mikono miwili, ananiuliza kama zinaweza kurudi. Sikuweza kuzirudisha. Na data ilikuwa bado haifanyi kazi! Niliingia kwenye mipangilio, nikaandika neno moja, ikashika. Tangu siku ile nikiona mtu anaambiwa "risiti" naumia.

Sasa turudi kwako. Maelezo yako tayari yana nusu ya jibu. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye intaneti, inapita njia ile ile inayotumika kupanga simu na meseji. Ikifunguka, ujue laini yako ni nzima, mnara unakuona na antena ya simu haina neno. Na kama kwa Wi-Fi WhatsApp inafanya kazi, basi programu yenyewe ni nzima, tarehe ya simu iko sawa, na hakuna VPN iliyokuzibia. Kwa hiyo tatizo limebaki kwenye kipande kifupi sana, pale simu inapoomba mtandao wa laini uifungulie mlango wa intaneti.

Nijibu haya matatu. Juu ya kioo, pembeni ya mistari ya mtandao, kuna herufi yoyote? 4G, H, E? Pili, chukua laini yako uiweke kwenye simu ya mtu mwingine, uwashe data uone. Tatu, simu yako ina laini mbili?

MamaDagaa

Asante sana kaka. Nimeazima simu ya mume wangu.

Laini yangu kwenye simu yake inashika, nimefungua WhatsApp yake na video zinacheza. Kwenye simu yangu mistari minne imejaa lakini hamna herufi, kuna alama ya mshangao tu. Laini ni moja, tundu la pili nimeweka memori kadi.

FundiMakoroboi

Safi sana, hicho ndicho nilichokuwa nataka. Bando lipo na laini haina kosa. Ingekuwa herufi ya 4G inaonekana ila hakuna kinachofunguka, ningekutafutia kwingine. Herufi isipokuwepo kabisa wakati data imewashwa, mtu wa kwanza kumshuku ni APN.

Nieleze kidogo ili uelewe unachokwenda kugusa. Kila laini ina namba ndani yake inayoanza na tarakimu tatu za nchi. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Zinafuata tarakimu za kampuni. Simu ikiwaka inasoma tarakimu hizo, halafu inakwenda kwenye orodha yake kubwa ya mitandao ya dunia nzima kutafuta laini kama hii mlango wake wa intaneti unaitwaje. Jina la mlango huo ndiyo APN. Sasisho la mfumo linaweza kuja na orodha mpya, na orodha mpya ikikosa mstari wa laini yako, au ikawa na mstari wenye kosa, simu inabaki inabisha hodi mlango usiokuwepo. Kupiga simu hakuhitaji mlango huo, ndiyo maana unapiga.

Fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, gusa laini yako, shuka chini mpaka uone neno APN au majina ya milango. Kwenye simu iliyowekwa Kiingereza pameandikwa Access Point Names. Usibadilishe kitu bado, niambie tu unaona nini.

Mwanakwetu_Maskati

Assalaam alaykum jamani. Wakati tunamsubiri dada, na mimi niseme langu, huenda likamfaa mwengine.

Mimi niko Maskati, na simu yangu ina laini mbili, ya hapa Omani na ya nyumbani Unguja. Ya Unguja siitumii kwa intaneti, naiweka kwa ajili ya zile namba za benki zinazokuja kwa meseji. Baada ya kusasisha simu, intaneti ikakatika kabisa. Nikahangaika siku mbili, hata kampuni ya hapa nikawapigia. Kumbe ile sehemu ya kuchagua laini ya data ilikuwa imehamia laini ya Unguja, na roming, yaani kutumia laini nje ya nchi yake, kwenye laini ile nimeizima tangu zamani. Nikarudisha kwenye laini ya Omani, hapo hapo ikashika.

Kwa walio ughaibuni na laini mbili, angalieni hapo mwanzo kabisa. Na roming ya laini ya nyumbani iacheni imezimwa, maana yangu ingelikuwa wazi salio lote lingekwenda.

MamaDagaa

Kaka nimefika. Orodha ni tupu kabisa, kuna alama ya kujumlisha juu na hamna kitu kingine.

Nikatafuta mtandaoni kwa Wi-Fi ya jirani, nikapata ukurasa wenye maelezo yote, nikajaza kila kisanduku kama walivyoandika, nikahifadhi. Nikirudi kwenye orodha haipo. Nimerudia mara tatu, ninachoandika kinapotea. Sasa naogopa simu imekufa.

FundiMakoroboi

Haijafa dada, tulia. Kwenye kisanduku cha MCC, zile tarakimu tatu za nchi, uliandika namba gani?

MamaDagaa

639

FundiMakoroboi

Hiyo ni ya Kenya. Ukurasa uliousoma ulikuwa unaelekeza laini ya huko. Simu inaonyesha APN zinazolingana na laini iliyomo tu, kwa hiyo uliyoiandika ipo ila imefichwa, kwa sababu simu inadhani ni ya laini nyingine.

Anza upya. Gusa alama ya kujumlisha. Kwenye Jina andika chochote unachokitaka, hata Dagaa. Kwenye APN andika lile neno la mtandao wako. Mitandao kadhaa hapa nchini inatumia neno "internet" kwa herufi ndogo, bila nafasi mbele wala nyuma. Lakini usibahatishe, piga 100 ya huduma kwa wateja kwanza uwaulize, wanaweza hata kukutumia mipangilio yote kwa meseji. Kisanduku cha MCC na cha MNC (tarakimu za kampuni) usiviguse, simu ikifungua ukurasa huo inavijaza yenyewe kutoka kwenye laini. Jina la mtumiaji na nywila acha wazi, isipokuwa 100 wakuambie vinginevyo. Aina ya APN andika default,supl kwa mkato katikati, bila nafasi. Itifaki ya APN, kama umewekewa IPv6 peke yake, weka IPv4, au ile inayobeba zote mbili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wanakosea. Usitoke kwa kubonyeza kitufe cha kurudi. Gusa nukta tatu za juu kulia, kisha Hifadhi. Ukirudi kwenye orodha, gusa kile kiduara pembeni ya jina mpaka kijae rangi. Kuiandika bila kuichagua ni sawa na kutoiandika. Halafu washa hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, zima.

NakuruBoy

Niaje wakuu, niko Nakuru. Yangu data ilishika vizuri baada ya update, shida ni bundles. Nilinunua 1GB saa tatu asubuhi, saa nne imeisha na sijafungua kitu. Nikawapigia customer care nikiwa nimekasirika, wakaniambia imetumika yote kwa simu yangu. Nikaingia kwa settings kuangalia matumizi ya data, nikakuta ni kweli, duka la programu lilikuwa limesasisha app karibu zote baada ya mfumo kubadilika.

Ingia kwa hilo duka, kwenye settings zake, uweke app zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Fanya hivyo kabla hujawasha data mara ya kwanza baada ya update. Mimi nilijua nikiwa nimechelewa.

MamaDagaa

MREJESHO!!

4G imetokea! Nilipiga 100, dada aliyepokea akanipa neno lile lile ulilosema. Nikaandika, nikahifadhi kwa nukta tatu, nikachagua kiduara, nikaweka ndegeni nikahesabu mpaka kumi. Nilipozima hali ya ndegeni ikakaa kama sekunde tano hivi, mshangao ukaondoka, ikaandika 4G. Ile picha ya jana ikapata tiki mbili mbele ya macho yangu. Mteja akajibu "mama nilidhani umeniacha." Kaka Mungu akubariki wewe na kizazi chako.

Kijana wa kuflashi nimemwambia asante, haikuhitajika.

Kapelo

Hongera dada. Na mimi nimejifunza. Mkuu Fundi, ile siku nilipoteza namba zangu zote na picha za harusi ya mdogo wangu. Kumbe haikuwa lazima. Ushauri wangu wa mwanzo watu wasiufuate.

MamaDagaa

Samahanini wakuu, narudi tena. Data ipo, nikifungua WhatsApp meseji zinamiminika. Lakini nikizima kioo nikaweka simu mfukoni haziingii mpaka niifungue tena. Leo mteja wa Kahama aliuliza bei saa 4, nimemwona saa 7, ameshanunua kwa mwingine. Kwa Wi-Fi ya jirani zinaingia hata kioo kikiwa kimezimwa.

FundiMakoroboi

Kwa kuwa kwa Wi-Fi zinaingia, nashuku Kiokoa data. Hicho kinabana laini tu, Wi-Fi hakigusi. Kikiwashwa, programu ambayo hujaifungua mbele yako inanyimwa data. Huenda kiliwashwa wakati ule unabonyezabonyeza kutafuta tatizo.

Mipangilio, Mtandao na intaneti, Kiokoa data, zima. Ukitaka kibaki kwa sababu kinasaidia bando, ingia humo humo kwenye matumizi ya data bila kizuizi, uiruhusu WhatsApp peke yake. Mfanyabiashara wa aina yako ningemshauri hiyo ya pili. Kisha angalia na upande wa betri. Shikilia ikoni ya WhatsApp, gusa herufi i, ingia Betri, ondoa kizuizi. Simu nyingi za bei ya kati zinalaza programu kwa nguvu ili chaji idumu.

Kijana_Njombe

Mkuu Fundi, nisaidie na mimi. Yangu baada ya sasisho haishiki hata kupiga. Mistari ya mtandao imekatwa na msalaba. Nimeweka laini tatu tofauti, hamna kitu. Nimepiga *#06# ikatoa kisanduku lakini sehemu ya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ni tupu.

FundiMakoroboi

Mdogo wangu, hilo ni tatizo jingine kabisa, usipoteze muda kwenye APN. IMEI ikiwa haisomeki, sehemu ya simu inayozungumza na mnara imepoteza kumbukumbu zake au haiwaki. Zima simu kabisa robo saa, uwashe, upige tena *#06#. Ikiwa bado tupu, ipeleke kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza kama waranti haijaisha, useme wazi kwamba imeanza baada ya sasisho lao.

Na nakuomba kitu kimoja. Atatokea mtu akuambie anaweza kukuandikia IMEI nyingine. Kataa. Kuchezea IMEI ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2010. Huwezi kujua namba atakayokuandikia ni ya simu ya nani, pengine iliibwa. Boksi la simu kama bado unalo, IMEI yako halisi imeandikwa ubavuni. Itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama inatambulika.

Zulekha_Tanga

Mimi simu yangu ni iPhone, hizo APN sizioni. Naangalia wapi?

FundiMakoroboi

Kwenye iPhone mara nyingi mtandao wenyewe unaleta mipangilio. Ukiwa na Wi-Fi, ingia Settings, General, halafu About, kaa kwenye ukurasa huo nusu dakika bila kugusa kitu. Kukiwa na mipangilio mipya ya mtandao wako utaletewa ujumbe wa kuikubali. Isipotokea, kuna kuweka upya mipangilio ya mtandao, ipo chini kabisa ya General. Hiyo haifuti picha wala namba. Inafuta nywila za Wi-Fi ulizohifadhi, kwa hiyo ziandike kwanza. Android nayo ina kitu hicho hicho, soma tu vizuri usije ukabonyeza kile cha kufuta simu yote, maana vinakaa jirani. Na ukiulizwa kama ufute eSIM, ile laini ya ndani ya simu isiyo na kadi, kataa.

Lakini niulize, simu uliinunua mpya au imetoka nje ikiwa imetumika? Kuna zile zilizofungwa na mtandao wa huko, zinatumia kachipu kembamba kanakokaa pamoja na laini kwenye trei.

Zulekha_Tanga

Ndiyo kaka, ina kachipu. Ilitoka Marekani. Aliyeniuzia hakuniambia kitu kuhusu kusasisha.

FundiMakoroboi

Pole sana dada yangu. Alipaswa kukuambia. Kachipu kale kanaidanganya simu ione laini ya mtandao ulioifunga, na sasisho jipya mara nyingi linaziba upenyo huo. Mara nyingine kuna namba mpya za kuingiza kwenye kachipu ikashika, mara nyingine hakuna mpaka mtandao wa huko uifungue rasmi. Kwa sasa tumia Wi-Fi, na mtu asikutoze hela kwa ahadi ya kuifungua leo leo. Mrudie aliyekuuzia kwanza.

Mwl_Mstaafu

Wanangu, mimi yangu intaneti ipo ila ni E tu, ile ya polepole, haipandi. Kabla ya sasisho ilikuwa 4G. Niko Tukuyu.

FundiMakoroboi

Shikamoo mwalimu. Ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, gusa laini yako, tafuta aina ya mtandao unaopendelea. Nadhani utakuta imewekwa 2G. Chagua ile yenye 4G na zilizo chini yake kwa pamoja, usichague 4G peke yake, kwa sababu mahali ambapo 4G haifiki utakosa hata kupiga. Ikiwa hapo iko sawa, laini yako una muda nayo gani? Laini za zamani sana hazina uwezo wa 4G, inabidi ukabadilishiwe, unakwenda na namba yako ya NIDA unaweka kidole, namba ya simu inabaki ile ile.

Mwl_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ilikuwa 2G kama ulivyosema. Sasa inaonyesha 4G na wajukuu nimewaona kwa video. Asante sana.

MamaDagaa

Kaka Fundi, wakuu wote, mrejesho wa mwisho. Kiokoa data nimekiacha kimewashwa, WhatsApp nimeiruhusu. Leo tangu alfajiri meseji zinaingia simu ikiwa kwenye mfuko wa aproni. Debe sita zimekwenda Dodoma kwa basi la asubuhi, na wa Kahama amerudi anataka mbili.

Lile neno la APN na zile default,supl nimeziandika kwenye jalada la ndani la daftari la oda, juu ya namba ya stendi. Jirani yangu wa sangara naye simu yake imemletea ujumbe wa sasisho leo mchana. Nimemwambia asubiri jioni, kwanza tuhamishe picha zake kwenye memori kadi na tunakili APN yake kwenye karatasi.